Punje za Maji: Zile za Kukataa, na Zile za Muhogo Wetu

Maneno ya kamati ya akina mama na watoto mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, ili ndugu zetu walioko Nyarugusu, Marekani, Canada na Australia nao wayapate, pamoja na wafadhili wetu.

 Tunajua wengine mmeacha mihogo juani na wingu linakuja, basi hatutawachelewesha.

Leo hatuzungumzi mchango wa mwezi wala mashamba. Tunazungumza michezo ya watoto. Kuna atakayesema: na shida zote hizi, kamati inatuita kwa ajili ya michezo? Ndiyo, tunawaita. Kitu kidogo kuliko mbegu ya lenga-lenga kimeingia nyumbani mwetu ndani ya mizigo ya zawadi, na mtoto akikimeza, hapa kwetu hatuna njia rahisi ya kukitoa. Njo maana tuko mbele yenu.

Tuanze na kitu chenyewe. Ni punje za rangi, nyekundu, buluu, kijani, njano. Zikiwa kavu ni ndogo kama kichwa cha pini au punje ya mtama. Ukiziweka ndani ya maji, baada ya saa chache zinakuwa kama gololi, na aina nyingine zinakuwa kubwa kuliko hapo. Zinateleza, zinabonyea, zinang'aa, mtoto akiziona hataki kuziacha. Kwenye pakiti wanaandika kwa Kiingereza "water beads", kwa Kifaransa "perles d'eau". Mkiona maneno hayo, mjue ni zile.

Zinafanyaje kazi? Ndani yake kuna kemikali inayoitwa polima, yenye uwezo wa kunywa maji na kuyashika bila kuyaachia. Si uchawi. Miaka ya 1970 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, kule Peoria, Illinois, waliunganisha wanga wa mahindi na kemikali, wakapata kitu kilichomeza maji mara mamia ya uzito wake. Walikuwa wanafikiria udongo wa mashamba, jinsi ya kuufanya ushike maji. Vitu vya ukoo huo viko leo ndani ya pampasi, njo maana pampasi ikilowa inakuwa nzito bila kuvuja. Punje za rangi nazo zilitumika kwanza kwenye vyungu vya maua na mapambo. Baadaye watu wa biashara wakaona watoto wanazipenda, wakaziuza kama mchezo.

Shida iko wapi? Kitu kinachonywa maji ndani ya bakuli kitanywa maji ndani ya tumbo pia. Mtoto anameza punje kavu, haimkwami kooni, anaendelea kucheza. Mama haoni kitu. Ndani ya tumbo punje inanywa, inavimba, inafika mahali utumbo ni mwembamba, inaziba njia. Tumbo la mtu haliwezi kuiyeyusha kama chakula. Kule Marekani, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ilikadiria kwamba kati ya 2016 na 2022 watu kama 7,800 walifikishwa kwenye vyumba vya dharura vya hospitali kwa sababu ya punje hizi. Septemba 2023 pakiti za aina moja ziliondolewa sokoni baada ya kifo cha mtoto wa miezi 10. Mwisho wa mwaka huo maduka makubwa matatu ya kule, Amazon, Walmart na Target, yakasema hayatauza tena punje hizi kama mchezo wa watoto.

Sikilizeni jambo la pili. Punje hizi hazionekani vizuri kwenye eksirei, ile picha ambayo sisi tunaita radio. Zimejaa maji, na mwili nao umejaa maji. Munganga anaweza kuangalia picha akaona tumbo limevimba bila kujua sababu. Ekografi inaweza kusaidia, lakini lazima ajue anatafuta nini. Sasa jiulizeni wenyewe: mtoto wa kijiji cha juu huko Lulenge, au wa pwani ya Ngandja, usiku, mvua inanyesha, barabara mnaijua. Kule Marekani, ambulansi inafika mlangoni, na bado watoto wameumia. Sisi tuna pikipiki na mtumbwi.

Mwaka uliopita mzigo ulifika kwa mwanachama mmoja, kutoka kwa ndugu yake aliyeko Marekani. Nguo, viatu, daftari, na pakiti moja ya punje. Mtoto wa miaka miwili alikutwa nazo kinywani. Wakamtemesha mbili. Mama yake hakulala usiku ule wala usiku uliofuata, akiwa anajiuliza swali moja: zilikuwa mbili tu? Mtoto yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mwingine asije akakaa usiku kama ule.

Hapa tunagusa neno gumu, kwa sababu linahusu heshima. Tunafahamu mizigo hii inatoka wapi. Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996, wengine 1998. Tulikaa Lugufu, tulikaa Nyarugusu. Kuanzia Oktoba 2005 meli zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Wenzetu wengine walibaki kambini, na kati yao wako waliopata njia ya kwenda Marekani, Canada, Australia. Ndugu aliyeko kule anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama au kwenye ghala, anaweka akiba, ananunua vitu kwa ajili ya watoto ambao hajawahi kuwaona. Ukimwambia "zawadi yako ni mbaya", umemuumiza.

Kwa hiyo tunapendekeza tuseme hivi. Kwanza, mshukuru. Pili, mwambie kwamba huko kwenyewe maduka makubwa yameacha kuuzia watoto kitu hicho, naye ataelewa upesi, pengine ana watoto nyumbani wanaochezea zile zile. Tatu, mwambie watoto wanahitaji nini: mpira, kamba ya kuruka, kalamu za rangi, daftari, vitabu vya picha. Mtu hakasiriki ukimwonyesha njia ya kukusaidia vizuri zaidi. Nanyi mnaosoma gazeti hili mkiwa mbali, mmekwisha kusikia: hatukatai mkono wenu, tunakataa punje tu.

Na kama pakiti imeshafika? Usiwape watoto, wala usiwagawie majirani. Usizimwage ziwani wala kwenye mtaro, wala usizitupe uani mahali kuku wanapochokora. Ziweke ndani ya maji yenye chumvi nyingi, zitaachia maji na kusinyaa. Kisha zifunge ndani ya sashe, uzifukie kwenye shimo la taka. Lakini tafadhali, chumvi hiyo ni ya kutupia punje, siyo dawa. Mtoto aliyemeza punje asinyweshwe maji ya chumvi hata kidogo, yatamdhuru.

Tumesema ya kukataa. Sasa tuseme ya kukubali. Mtoto ukimnyang'anya mchezo bila kumpa mwingine, ataenda kutafuta wa kwake, na pengine huo ni mbaya zaidi. Akina mama wa kamati walikaa, wakasema: punje inayoteleza, inayobonyea, inayong'aa, mbona sisi tunayo? Iko ndani ya muhogo.

Wanaonywa chai ya Taiwan wanajua. Tangu miaka ya 1980 kule wanatia ndani ya chai punje nyeusi laini, nazo ni wanga wa muhogo. Muhogo haukutoka Taiwan wala haukutoka kwetu, ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika. Lakini leo nani anaujua kuliko mama wa Fizi? Sikilizeni jinsi ya kutengeneza.

Chukua muhogo mbichi, kilo tano hivi. Menya, osha, ukwangue kwenye kikwangulio cha bati lililotobolewa misumari. Tia maji safi mengi, koroga kwa mikono, chuja kwa kitambaa safi, kamua sana. Maji meupe yaliyopita kwenye kitambaa yaache ndani ya beseni saa nne mpaka sita, yafunikwe. Chini utakuta kitu cheupe kimegandamana: huo njo wanga. Mwaga maji ya juu polepole, tia maji mengine, koroga, uache utulie tena. Fanya hivyo mara tatu. Halafu anika juani mpaka ukauke kabisa. Kilo tano zinatoa wanga wa kilo moja au pungufu kidogo.

Msiruke kule kuosha mara tatu. Muhogo mchungu una sumu, sisi sote tunaijua, njo maana bibi zetu wanauloweka siku tatu kabla ya unga. Kule Kwango, magharibi ya nchi yetu, kuna ugonjwa wa miguu kukakamaa unaoitwa konzo, ulioandikwa na munganga Trolli tangu 1938. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa wakati wa njaa. Sumu hiyo inayeyuka ndani ya maji, kwa hiyo maji yale ya kwanza na ya pili yamwagwe mbali, mbuzi na kuku wasinywe. Ukipata muhogo mtamu, ni vizuri zaidi.

Sasa punje. Chukua vikombe viwili vya wanga mkavu. Weka sufuria ya maji juu ya mbabula yachemke kabisa. Mimina maji ya moto kidogo kidogo kwenye wanga, chini kidogo ya kikombe kimoja, huku unakoroga kwa mwiko. Ukipoa kiasi cha mkono kuvumilia, kanda mpaka uwe donge laini lisiloshika vidole. Likikatika, ongeza maji ya moto kijiko kimoja. Likishika, ongeza wanga. Kazi ya kuviringisha vidonge waachie watoto wakubwa na vibibi vyao. Nyunyiza wanga mkavu visishikane.

Mtu mzima, na mtu mzima peke yake, atie vidonge kwenye maji yanayochemka. Vikipanda juu, acha vichemke dakika 20 hivi bila kifuniko, viwe angavu mpaka katikati. Ukikata kimoja ukaona doa jeupe ndani, bado. Kisha ipua, chuja, tia kwenye maji baridi safi. Hapo mtaona: vinateleza, vinabonyea, vinarudi, jua likivipiga vinang'aa.

Rangi tunazo. Manjano ya kupikia yanatoa njano. Maua mekundu ya ngai-ngai yakichemshwa yanatoa wekundu. Majani ya lenga-lenga yakipondwa na kuchujwa yanatoa kijani. Mawese yanatoa rangi ya chungwa, ila mikono ya watoto itajua kazi. Tia rangi ndani ya maji ya kukandia, isiwe baadaye.

Mnaona tofauti? Wanga unakunywa maji kwa sababu ya moto: punje zake ndogo sana zinavimba na kupasuka, zinashikana, tunapata ule utelezi. Ukishaiva umekwisha kuvimba. Mtoto akimeza kipande, mate yake na tumbo lake vinauyeyusha kama bugali. Punje ya dukani inaanza kuvimba pale anapoimeza.

Lakini msitoke hapa mkisema kamati imesema punje za muhogo hazina hatari. Hatukusema hivyo. Kitu chochote cha mviringo kinachoteleza kinaweza kumkaba mtoto. Kwa hiyo tumeweka masharti manne.

La kwanza: mtoto wa chini ya miaka minne hapewi vidonge. Mpe donge lote zima kwenye sahani, kubwa kuliko ngumi yake, alibonyeze na kulivuta, wewe uko pembeni.

La pili: wanaocheza na vidonge wana mtu mzima anayewaangalia. Dada wa miaka minane si mtu mzima. Beseni la maji nalo lisiachwe peke yake na mtoto mchanga, maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha.

La tatu: maji ya kuchezea ni maji ya kunywa, ya bomba au yaliyochemshwa. Ukanda wetu huu wa ziwa, Uvira mpaka Fizi, kipindupindu hakijawahi kuuaga. Mtoto anacheza, anatia vidole mdomoni. Maji ya ziwani au ya mtaro yakiingia kwenye beseni, tumekimbia punje tukaingia kwenye kuhara. Kunawa kwa sabuni kabla, kunawa kwa sabuni baada.

La nne: vinachezewa siku hiyo hiyo. Kesho yake vimechacha. Jioni vitupwe kwa kuku, na beseni lioshwe.

Kuna waliotuuliza maswali kabla ya mkutano, na tuyajibu mbele ya wote.

Baba mmoja aliuliza: "Mutoto akimeza ile ya dukani, njo tufanye je?" Usimtapishe. Usimpe mafuta, wala chumvi, wala dawa ya kuharisha. Usingoje aanze kuumwa. Mpeleke kituo cha afya, ubebe pakiti au punje zilizobaki, useme wazi: amemeza kitu kinachovimba kwenye maji, na radio inaweza isikionyeshe. Dalili za kutisha ni kutapika, kukataa chakula, tumbo kuvimba au kuuma, kukosa choo, kulegea. Ukiziona kwa mtoto mdogo na punje zilikuwa nyumbani, taja punje hata kama hukumwona akimeza.

Mama mmoja aliuliza: je, ikiingia sikioni au puani? Usitie maji, usitie mafuta, usichokoe kwa njiti. Maji yataivimbisha pale pale. Nenda kwa munganga ikiwa bado kavu.

Kijana mmoja aliuliza kama si kupoteza chakula kuchezea muhogo wakati nyumba nyingine zinalala njaa. Hilo ni swali la haki, na kamati ililibishania muda mrefu. Jibu letu ni hili: vikombe viwili vya wanga vinatosha watoto kumi. Mabaki ya kukamua yakianikwa na kukauka yanarudi kwenye kazi ya unga, yaandaliwe kama unga mwingine wowote. Nyumba isiyo na muhogo wa kula isitengeneze. Watoto wake waje kwa jirani. Udongo wa mfinyanzi nao upo, hauna bei.

Neno la mwisho kwa wazazi. Wengi wa watoto hawa walizaliwa upande wa pili wa ziwa. Walijua foleni ya unga wa msaada kabla ya kujua shamba. Waliporudi, tuliwaambia "hapa njo kwenu", lakini kwao kwenyewe wanakujuaje? Mtoto aliyekaa na bibi yake anakamua muhogo, anaambiwa huu ni mtamu, huu mchungu, maji haya mwaga mbali, huyo amecheza na amejifunza kitu kitakacholinda tumbo lake maisha yake yote. Na bibi naye amepata mtu wa kumwachia anachokijua. Kambini bibi wengi walinyamaza, kwa sababu walichokijua hakikuwa na kazi pale.

Kwa wafadhili wetu, tunachoomba si kikubwa. Kila Jumamosi, kuanzia mwezi ujao, kamati itafungua uwanja wa michezo kwenye ofisi ya chama. Tunahitaji mabeseni, vikwangulio, vitambaa vya kuchujia, sabuni na dawa ya kusafishia maji. Vyote vinapatikana sokoni hapa Baraka, kwa hiyo msitume mizigo. Mkituma mchango, tutanunua hapa hapa, na mama wa soko naye atapata riziki. Hesabu itasomwa mbele ya wanachama kama kawaida yetu.

Kwa wanachama, tunaomba matatu. Leo ukifika nyumbani, angalia ndani ya masanduku na chini ya kitanda kama pakiti ipo. Mwambie jirani ambaye hakuja. Na ukipiga simu kwa ndugu aliyeko mbali, baada ya salamu na habari za watoto, umfikishie neno hili kwa upole.

Tumewashika vya kutosha, na wingu linakaribia. Nendeni mkaanue mihogo.